Nguchiro, Nyegere na Asali ya Watoto

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana na kuachana kama watu, Nguchiro mmoja aitwaye Mwanakheri aliachana na mumewe. Mume huyo alikuwa Badi, Nyegere mwenye mabavu, na mwenye vibuyu saba vya asali.

Hakimu wao, Mzee Nyati, aliwaamulia hivi: watoto wao wawili, Mosi na Pili, watalala kwa mama. Kila asubuhi mama atawapeleka kwa baba, wale asali mpaka washibe.

Wakati huo nyumba zao zilitazamana. Tena watoto walikuwa wadogo. Wakilamba kidole kimoja tu, wameshiba.

Miaka ikapita. Badi akahamia ng'ambo ya mlima. Mwanakheri akateguka mguu. Hata hivyo, kila alfajiri alipanda mlima ule akijikokota, Pili mgongoni, Mosi mkononi. Akirudi, jua liko utosini na jikoni hakuna moto.

Siku moja akasema, "Baba Mosi, nimechoka. Mguu haupandi tena. Njoo uwachukue wewe."

"Thubutu!" Badi akafoka. "Tulikubaliana nini?"

Wakaenda kwa Mzee Nyati.

"Mzee wangu, mambo yamebadilika," Mwanakheri alilalamika.

"Mmff!" Nyati akapumua kwa pua. "Makubaliano ni makubaliano."

"Halibadiliki hata neno moja?"

"Hata moja!" Badi akadakia, akacheka kwa! kwa! kwa!

Mwanakheri alirudi nyumbani akichechemea, akawakalisha wanawe.

"Kesho baba akiuliza kama mmeshiba, mtasemaje?"

"Tumeshiba!"

"Hapana. Semeni bado. Tumbo likijaa, kimbieni mzunguke nyumba, mkacheze, kisha mrudi mle tena."

Kesho yake watoto wakala. Lamba, lamba, lamba! Kibuyu kikalia kong! Kitupu.

"Mmeshiba?" Badi akauliza.

"Bado, baba!"

Wakakimbia, puru puru puru! Wakarudi, wakaanza kibuyu cha pili. Pili akateuka, beuu! Akataka kusema ameshiba. Mosi akamfinya.

"Bado, baba," Pili akasema kwa sauti ndogo.

Siku ya nne vibuyu sita vilikuwa vimekauka. Badi akawachukua watoto, akakimbia hadi kwa Nyati, jasho likimtiririka.

"Mzee! Watoto hawa wamekua! Hawashibi! Mambo yamebadilika!"

Nyati akatuma aitwe Mwanakheri. Alipofika, Nyati akautazama mguu wake, ulivyovimba.

"Mama Mosi, maneno haya ulinieleza wewe kwanza," akasema taratibu. "Sikukusikiliza. Niwie radhi."

Akapanga upya. Badi atakuja mwenyewe kuwachukua watoto, na atawarudisha. Na kila mtoto atapewa kikombe kimoja cha asali, basi.

"Umekubali?" Nyati akauliza.

"Nimekubali, nimekubali!" Badi akasema, akihema.

Asubuhi iliyofuata, Badi akabisha hodi. Mwanakheri akamkabidhi watoto. Hakumcheka, hata nguvu za kucheka hakuwa nazo. Akafunga mlango, akanyoosha mguu kitandani, akalala mpaka adhuhuri.

Basi, wanangu, maisha yakibadilika, wapatanao wakae tena wapatane upya, kabla mmoja wao hajaumia.