Tundu la Hamsini

Hapo zamani, na sisemi zamani ya majini na wafalme, nasema zamani ya juzi tu, simu zilipokuwa na mkono wa kuzungusha, palikuwa na mji mdogo juu ya milima ya Upare ulioitwa Kirongaya. Msiutafute kwenye ramani, mtachoka bure. Ulikuwa na soko, kanisa, msikiti, kiwanda cha kukoboa kahawa, na posta. Ndani ya posta palikuwa na ubao wa simu wenye matundu hamsini, kila tundu nyumba moja. Matundu arobaini na tisa yalikuwa na wenyewe. Tundu la hamsini lilikuwa halina mtu, na mji mzima ulikuwa ukilimezea mate.

Mbele ya ubao huo alikaa dada mmoja aliyeitwa Elisifa, visikilizio masikioni, asubuhi mpaka jioni. Ukizungusha simu yako, Elisifa anauliza, "Nikuunganishe na nani?" Unamtaja, anachomeka waya kutoka tundu lako mpaka tundu lake, mnaongea. Mkimaliza, anachomoa. Hakuna mtu Kirongaya ambaye sauti yake haikupita mikononi mwa Elisifa.

Na kwenye nguzo alikuwapo Zefania, fundi wa laini. Mtu mzuri sana, Zefania. Ila alikuwa mvivu wa kupanda mlima, na Kirongaya hapana kitu kingine isipokuwa mlima.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila laini, kabla ya kufika kwenye ubao, ilipita kwenye fyuzi. Umeme wa simu ni kidogo, wa kubeba sauti na kuliza kengele, basi. Ukija umeme mkubwa uliopotea njia, fyuzi inakatika, ubao unapona. Lakini fyuzi za wakati ule zilikuwa uzi mwembamba ulio wazi, umebanwa kwa skrubu mbili ndani ya kisanduku cha nguzoni. Ukungu ukiingia, uzi unaliwa na kutu. Upepo ukitikisa nguzo, uzi unakatika. Leo laini ya mchungaji, kesho laini ya kiwanda. Zefania anapanda, anafunga, anashuka. Akifika chini anaambiwa nyingine imekatika. Anapanda, anafunga, anashuka.

Siku moja akakasirika. Akachukua waya mnene wa shaba, akaufunga mahali pa fyuzi, kwenye laini zote arobaini na tisa. "Haya, katikeni sasa nione," akaziambia. Hazikukatika. Mwezi mzima Zefania alikunywa chai ameketi, na watu wakamsifu kwamba sasa amekuwa fundi kweli. Nanyi msicheke. Nani hapa hajawahi kufunga kitu kwa kamba ili alale?

Waya wa umeme wa kiwanda ulipita karibu na waya wa simu ya mchungaji. Siku ya upepo mkali, tawi la mkaratusi likaanguka, likauangusha ule wa umeme juu ya ule wa simu. Umeme ukaingia kwenye laini. Ungekuta fyuzi, safari yake ingeishia hapo. Ukakuta shaba nene ya Zefania, ukapita kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Elisifa alisikia mngurumo, akatupa visikilizio chini. Kimoja kilikuwa kimekwisha kumwachia alama ya moto nyuma ya sikio la kulia, na sikio hilo halikusikia tena. Nusu ya ubao ikaungua, na Kirongaya ikawa bubu wiki sita.

Mkuu wa posta alikuwa Bwana Hatibu, mtu mpole aliyeogopa kuchukiwa kuliko alivyoogopa radi. Ubao ulipokwisha kutengenezwa, akawaita watu uwanjani.

"Fyuzi za kutoka mjini zitafika mwakani," alisema, "na ni zile zile za uzi wazi. Mimi nataka fyuzi iliyofunikwa. Ukungu usiiguse, upepo usiiguse. Ipitishe umeme mdogo wa sauti, lakini ukija mkubwa ikatike kabla mtu hajapepesa jicho, na ikatike bila kutema moto. Atakayeitengeneza, tundu la hamsini ni lake. Simu ukutani kwake, maisha yake yote, wala hataulizwa senti."

Wa kwanza kusimama alikuwa Kajiru, mhunzi wa ukoo wa Wasana, mtu wa kifua kipana na maneno mapana zaidi. "Mmeshapata," alisema. "Nendeni mkalale."

Kajiru alikuwa na bamba la chuma la babu yake, lenye matundu yaliyopangwa kutoka kubwa mpaka dogo la kupitisha unywele. Akapitisha shaba tundu la kwanza, akaivuta. Akapitisha la pili, akaivuta. Akaivuta, akaivuta, mpaka ikawa nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Wakaenda kiwandani kuijaribu kwa umeme mkubwa. Haikukatika, ikawa nyekundu tu. Kajiru akarudi kwenye bamba lake, akaivuta matundu mawili zaidi. Safari hii ilikatika mara moja. Lakini ilitema cheche, zikatoboa kofia mpya ya Bwana Hatibu.

Pale kiwandani alikuwapo mama mmoja mfinyanzi, ameleta vyungu vya mpishi. Watu walimwita Mama Penda, kwa jina la binti yake. Alitazama kofia, akatazama waya, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe Kajiru, kitu kinachotema moto unakiacha uchi?" alisema. "Nipe siku nne."

Akachukua udongo laini, akauviringisha juu ya bua la nyasi, akaukausha kivulini, akauchoma. Bua likaungua likaisha, ukabaki mrija wa udongo mwembamba kama kidole cha mtoto, tundu limenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Kajiru akapitisha waya wake ndani, akaziba ncha mbili kwa vifuniko vya shaba. Wakajaribu. Pa! Mrija ukapasuka vipande kumi, na zamu ya kucheka ikawa ya Kajiru.

Mama Penda hakununa. Aliokota vipande, akavigeuza geuza. "Kosa langu mwenyewe," alisema. "Kila wiki nachoma vyungu, najua kabisa kwamba chombo kisicho na pa kupumulia lazima kipasuke. Waya ukiyeyuka unakuwa moshi. Nimeunyima moshi mlango." Akatengeneza mrija mwingine, na ukiwa bado mbichi akautoboa ubavuni kwa mwiba wa mchungwa, kitobo ambacho hata sisimizi angeingia kwa kubanwa. Wakajaribu. Mrija haukupasuka. Moshi kidogo ukatoka kwenye kitobo, fyuu, ukaisha. Watu wakapiga makofi. Kajiru akamshika mkono Mama Penda, na Bwana Hatibu akavua kofia yake yenye matundu.

"Bado," alisema mtu.

Alikuwa Elisifa. Alikuwa ameegemeza sikio lake zima, la kushoto, kwenye nguzo ya majaribio.

"Bado nini, dada?" Kajiru akauliza kwa ukali.

"Waya umekatika, umeme haujakatika. Unaruka ndani ya moshi. Nausikia unavuma."

Wakaugusa mrija kwa kijiti, kijiti kikafuka. Kweli, umeme ulikuwa ukivuka pengo kama vile hakuna pengo. Ingekuwa laini ya kweli, dakika moja zaidi na ubao mpya ungeungua.

Elisifa akakaa akafikiri. Bibi yake, aliyekuwa akiishi naye, aliuza karanga, na karanga zake alizikaanga ndani ya mchanga. Ule mchanga ulikuwa wa mtoni, umekaangwa miaka mingi mpaka hauna hata tone la maji, na bibi hakuruhusu mtu auguse. Moto ukizidi chini ya sufuria, bibi huumwagia huo huo mchanga ukafa. Elisifa akaomba kikombe kimoja. Akaupepeta kwa kitambaa cha kanga, akaumimina ndani ya mrija mpaka ukajaa, ukauzunguka waya pande zote. Wakajaribu.

Tik.

Elisifa akaweka sikio kwenye nguzo. Akalikaza zaidi. Kisha akatabasamu. "Kimya," alisema. "Kimya kabisa."

Basi wakatengeneza arobaini na tisa. Kajiru anavuta waya, Mama Penda anaviringisha udongo, Elisifa anapepeta mchanga, na jioni wanakunywa uji pamoja wakitaniana. Zefania alizipandisha zote kwenye nguzo, moja moja, mara arobaini na tisa, na hakulalamika hata mara moja. Ukungu ukaja, fyuzi hazikushika kutu. Upepo ukaja, hazikukatika. Zefania akapata tena nafasi ya kunywa chai, na safari hii ilikuwa chai ya halali.

Mvua za masika zikafika. Mkaratusi ule ule, maana hakuna aliyekumbuka kuukata, ukaangusha waya wa umeme juu ya laini ile ile ya mchungaji. Elisifa alikuwa na visikilizio masikioni, anamuunganisha mkunga na zahanati. Alisikia tik. Laini ya mchungaji ikafa. Nyingine arobaini na nane zikaendelea kana kwamba hakuna kitu, na mkunga akamaliza kueleza habari zake. Elisifa hakuvua hata kisikilizio. Baadaye ndipo alipolia kidogo, kwa furaha na kwa kukumbuka.

Zefania akaishusha ile fyuzi, wakaivunja juu ya kaunta ya posta, watu wamejaa mpaka mlangoni. Sasa tazameni. Waya ulikuwa haupo, umeyeyuka wote. Mrija ulikuwa mzima kabla hawajauvunja, kitobo cha mwiba kimejaa masizi. Na katikati ya mrija, mchanga ulikuwa umeganda ukawa kijipande kama kioo.

"Mnaona?" alisema Kajiru. "Waya umekatika. Fyuzi ni nini kama si waya unaokatika? Hivyo vingine ni nguo tu. Na mimi siiombi simu kwa ajili yangu peke yangu. Kule kwetu mtaa wa juu tuko nyumba kumi na moja, hatuna simu hata moja. Mtu akiugua usiku tunambeba kwa kitanda mpaka zahanati. Nipeni tundu, nyumba kumi na moja zitakuwa na simu."

"Waya wako ulipokuwa peke yake ulitoboa kofia ya mtu," alisema Mama Penda. "Bwana Hatibu aliomba nini? Fyuzi iliyofunikwa. Nani aliyefunika? Penda wangu ni muuguzi Mtwara, miaka sita sijaisikia sauti yake. Anaandika barua, nasomewa na watu, na kila msomaji anaisoma kwa sauti yake yeye. Nina mjukuu, sijui hata analia vipi. Simu ya posta ina foleni, na nyuma yangu watu wanakohoa. Nataka nimsikie mwanangu nikiwa jikoni kwangu."

Elisifa alichelewa kusema. Hakuzoea kuzungumza mambo yake, alizoea kuwaachia wengine nafasi.

"Kazi yenu ilikuwa nzuri," alisema mwishowe, "na ingeuunguza ubao mara ya pili. Mlikuwa mmeshapiga makofi. Sikio moja nililitoa kwa kosa la mtu, na la pili ndilo lililogundua kosa lenu. Miaka kumi na moja nawaunganisha. Nimeunganisha posa, misiba, hata wagomvi. Hakuna aliyewahi kuzungusha simu akamtaka Elisifa. Nataka siku moja nirudi nyumbani, niketi, nayo ilie, na iwe yangu."

Zefania, nyuma, akainua kidole. "Na mimi je? Kama nisingefunga ile shaba nene, ninyi watatu mngeitwa na nani?"

Walicheka mpaka kaunta ikatikisika, na Mama Penda akamtupia kifuniko cha shaba. Lakini Bwana Hatibu hakucheka. Alikuwa ameona pa kutokea.

"Umesema kweli, Zefania," alisema haraka haraka. "Wewe uliyeanzisha, wewe umalize. Waya wa laini ya hamsini huu hapa. Uvute mpaka kwa anayestahili. Mimi sitauliza." Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Basi Zefania akabeba lile duara la waya begani, akaenda mpaka nguzo ya mwisho, njia panda ya sokoni. Njia moja inapanda mtaa wa juu, kwa Kajiru. Kajiru ameshapigilia msumari ukutani, na majirani kumi wamekuja kuutazama. Njia ya pili inateremka mtoni, kwa Mama Penda. Ameondoa vyungu kwenye rafu moja ya jikoni, ameifuta, ameweka kigoda chini yake. Njia ya tatu inazunguka nyuma ya msikiti, kwa bibi muuza karanga. Bibi ameketi mlangoni, hataki kuonekana anangoja, lakini anangoja.

Elisifa mwenyewe yuko kazini, mbele ya ubao. Tundu la hamsini liko mbele ya macho yake, na waya wa kuchomeka uko mkononi. Laini hiyo ikilia kwa mara ya kwanza, popote itakapotokea, sikio litakaloisikia kwanza ni lake. Huenda atauliza, "Nikuunganishe na nani?" akasikia Kajiru akitaka zahanati. Huenda atamsikia Mama Penda akitaka Mtwara. Au huenda atamsikia bibi yake akisema, "Simtaki mtu mwingine, mjukuu wangu. Nakutaka wewe."

Zefania amesimama njia panda, waya begani, bado mguu hajauinua. Safari hii hataki kufunga kitu vibaya. Anawatazama ninyi mlioketi hapa, maana mmesikia yote aliyoyasikia yeye. Je, auvute waya kwa nani? Katika wale watatu, nani alistahili tundu la hamsini?