Ubeti wa Mwisho wa Doreen

Hapo zamani, wala si za mababu, zamani za juzi tu, palikuwa na mji wa ngano huko Australia, mbali na bahari. Mji ule uliujua mpira, uliujua ukame. Mashairi? Thubutu!

Na mshairi walikuwa naye: Doreen, mke wa Keith mkulima. Alitoa kitabu kimoja, akamwomba mumewe akisome. "Mavuno yakiisha, mke wangu," Keith alimjibu kila mwaka. Mavuno hayaishi, jamani. Doreen akafa, shairi lake la mwisho limekomea ubeti wa tatu. Kaburini waliimba wimbo wa timu ya mpira.

Maktaba ikatupa vitabu visivyoazimwa. Lorna, mkutubi, akakiokota cha Doreen jalalani, akakisoma peke yake, kimya, hata akakikariri. Kisha akamwazima kitabu hicho Mwanahamisi, muuguzi mgeni kutoka Tanga. Mwanahamisi akashangaa. Kwao shairi hughaniwa. Kulisoma kimya ni kupika chakula usikipakue.

Akatafuta mahali penye mwangwi. Keith akawafungulia ghala lake la zamani la ngano, refu, la duara, tupu tangu reli ilipokufa. Wakaingia watatu, jua la utosi. Keith akatoa karatasi ya lile shairi lisilokwisha, Mwanahamisi akaghani ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akanyamaza.

Mwangwi haukunyamaza. Juu gizani mtu alivuta pumzi.

"Upo wa nne," ikasema sauti. "Nitausema mara moja, kwa sikio moja. Wawili watoke."

Keith akaijua sauti ile. Alikuwa Doreen, hata kile kikohozi chake. Jinsi alivyomtamani!

"Mimi ndiye mumewe," akasema. "Nililima ili yeye aandike. Chai yake nilichemsha mimi. Sikusoma, najua, na inanila moyo. Niachieni neno hili moja tu."

"Pole, Keith," akasema Lorna. "Lakini alipokuwa hai ulimnyima sikio. Mimi nilimsoma mji mzima ulipomtupa. Bila mimi angeoza jalalani."

"Mzee wangu, na wewe dada, mnisamehe," akasema Mwanahamisi. "Mmoja alimlisha, mmoja alimhifadhi, lakini marehemu hakuitika. Ameitika nilipomghani. Mwenye kuitwa humjibu aliyemwita."

Punje ya ngano ikamdondokea Keith begani. Ikafuata nyingine. Ghala lililokuwa tupu miaka na miaka likaanza kumwaga ngano, ikawafika vifundoni, ikawafika magotini, na mlango wa chuma ukawa unajifunga taratibu. Hakuna aliyetoka. Keith alikuwa analia waziwazi, uso juu, mkono nyuma ya sikio.

Juu, Doreen akakohoa, akavuta pumzi ya kuanza.

Haya, nyinyi mliokaa, msitazamane, mlango haungoji. Aliyemlisha asimsome, aliyemsoma asimtamke, au aliyemtamka bila kumjua: je, nani alistahili kubaki?