Nakiete na Karatasi za Ngolo

Nyumba za njiani si kijiji. Mmemsikia mwenyekiti akimwambia hivyo karani mgeni leo asubuhi, mkacheka, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu Mvungwe alikuwapo mama mmoja, Nakiete, mhudumu wa afya wa kijiji. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa peke yake katika kazi hiyo. Yeye ndiye aliyepima watoto uzito, yeye ndiye aliyeitwa mtoto akiharisha, na watu wakambandika jina la Mama Mizani. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na baba yake.

Kisha akaja Siaeli. Alikuwa ameolewa hapa miaka miwili tu, lakini wilaya ikampeleka mafunzo mjini, akarudi na mkoba mpya na viatu vya mvua. Nakiete, ambaye kamba ya mkoba wake ilikuwa imeshonwa mara tatu, alimpa mkono wa karibu na kutabasamu. Moyoni alikuwa anaungua. Akisikia mtu nyumba ya pili akisema, "Kamwiteni Siaeli," alisukuma sahani kando. Akaanza kuhesabu: leo wameenda kwake wanne, kwangu wawili. Hata asante aliyopewa Siaeli aliiona kama mali yake iliyoibwa.

Mwaka ule mvua za vuli zilikataa. Wilaya ilikuwa na unga wa lishe, ila usingetosha vijiji vyote. Ungeenda kule ambako watoto wengi wamedhoofu. Ndipo Bwana Kajiru, bwana afya wa wilaya, alipokuja na vibuyu viwili. Ndani ya kila kibuyu mlikuwa na karatasi mia tatu, kila karatasi jina la nyumba moja ya Mvungwe.

"Kila mmoja wenu atachota thelathini bila kuangalia," akawaambia Nakiete na Siaeli. "Mtapima watoto wa nyumba hizo tu."

"Tutajuaje hali ya nyumba mia tatu kwa kupima thelathini?" mwenyekiti akauliza.

"Mama akitaka kujua chumvi hamalizi sufuria nzima. Anaonja kijiko kimoja, lakini kwanza anakoroga. Kura ndiyo mwiko wetu. Ikikuangukia Ngolo kule juu mlimani, panda Ngolo. Ukikuta mlango umefungwa, rudi kesho. Usibadilishe nyumba."

Nakiete alizifungua karatasi zake jikoni. Nyingi zilikuwa za vitongoji vya juu, na sita zilikuwa za Ngolo kwenyewe, mwendo wa saa mbili wa kupanda. Akachungulia dirishani, akamwona Siaeli amekwisha kuvaa viatu vyake na anashika njia. Wivu ukamwambia: yule ana miguu ya ujana, atamaliza kabla yako, na Bwana Kajiru ataona nani fundi. Watoto ni watoto tu. Basi akapima nyumba nane zilizokuwa karibu, na badala ya zile ishirini na mbili zilizobaki akaingia za kando ya barabara: kwa mwenye duka, kwa mwalimu, kwa mwenye mashine ya kusaga. Kwa siku mbili akamaliza. Siaeli alitumia siku sita, na mlango mmoja aliurudia mara tatu.

Siku ya majibu watu walijaa uwanja wa zahanati. Katika watoto arobaini wa Nakiete, wawili tu walikuwa wamedhoofu. Katika arobaini wa Siaeli, kumi na mmoja.

Nakiete hakungoja kuulizwa. "Mwenzangu bado anajifunza," akasema kwa sauti ya huruma. "Utepe wa kupimia unene wa mkono ukikazwa sana, mtoto mzima anaonekana mgonjwa."

Siaeli akainamisha kichwa. Nakiete akaona tamu, tamu kama asali.

Bwana Kajiru akakuna kidevu. "Kura mbili za kijiji kimoja hazitoki sawasawa. Ningeona wanane na kumi na mmoja, nisingeshtuka. Lakini wawili na kumi na mmoja? Hapa pana kitu. Tuchote tena mbele ya watu, nyumba kumi, na mwende pamoja."

Karatasi ya kwanza ikasomwa: "Kwa Mama Mbonea, Ngolo."

Nakiete akaubana mkoba kwapani. Jina hilo lilikuwamo katika karatasi zake mwenyewe, kwenye mfuko wa ndani wa mkoba.

Wakapanda. Mama Mbonea aliwapokea mlangoni, na uso wake ukachangamka. "Mama Mizani! Wiki iliyopita nilikuona kule chini barabarani, nikasema leo atatufikia. Nikakuwekea kiazi, tena ndicho kilichokuwapo."

Nakiete akapiga magoti mbele ya mtoto. Kwa mikono yake mwenyewe akazungusha utepe kwenye mkono wa Mbonea. Ukaishia kwenye nyekundu, alama ya mtoto aliyedhoofu kabisa. Akaulegeza, akapima upya. Nyekundu.

Siaeli aliandika kipimo kile. Angemsuta, Nakiete angejua la kujibu. Kule kuandika tu ndiko kulikomvunja. Akamfunga mtoto mgongoni, akateremka naye mlima wote, mama mtu akifuata nyuma, na kila Siaeli alipotaka kumpokea alikataa.

Alipomkabidhi mtoto kwa mganga wa zahanati, akarudi uwanjani, akamwaga karatasi mezani.

"Hizi ishirini na mbili sikuzifikia," akasema. "Nilitaka kurudi kabla ya Siaeli, nikapima waliokuwa karibu. Lakini wa barabarani wana duka, wana mashine, gari likipita wananunua ndizi. Nyumba za njiani si kijiji. Utepe wa Siaeli haukukosea. Mwenye kosa ni mimi."

Nyumba zote za kura zikapimwa, hesabu ikarudiwa. Katika kila watoto wanne, karibu mmoja alikuwa amedhoofu. Unga ukaja, na Mbonea akapona, ingawa alikaa zahanati wiki tano.

Sisemi wivu ulimtoka Nakiete siku ile. Mpaka uzee wake alikuwa akitupa jicho kuona nani kaenda kwa Siaeli. Ila kura ilipochotwa, yeye ndiye aliyetangulia kupanda Ngolo. Na watu waliyarudia maneno yake, mwanzoni kwa kumcheka, baadaye kwa kuyahitaji.

Basi yule karani amekunywa chai dukani leo, akaona watoto wa mwenye duka wamenawiri, akataka kuandika kwamba Mvungwe yote imeshiba. Mwenyekiti hakumtukana. Alimwambia tu la kumfaa: nyumba za njiani si kijiji.