Mzee Ndunguru na Kilima cha Kahawa

Mtembeza moyo hatangulii. Mmeisikia asubuhi hii, wanangu, mkuu wa wodi alipomkaripia mwenzenu pale koridoni, nanyi mkacheka chinichini. Haya, chekeni. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hospitalini palikuwa na muuguzi, Yustina Komba, aliyefanya kazi chumba cha dharura miaka kumi na miwili. Kule kazi ni mbio, na Yustina miguu ya mbio alikuwa nayo. Kilipoanzishwa kitengo cha kuwarudisha kwenye mwendo watu walionusurika na shambulio la moyo, akaomba kuhamia, maana alichoka kuokoa watu asijue waliishia wapi. Wenzake wakamtania: "Yaani unakwenda kutembeza wazee? Utasinzia huko!"

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Mzee Ndunguru, mkulima wa kahawa kutoka Mbinga. Nyumba yake iko juu ya kilima, na mwanawe Fulgensi alishakata shauri: baba asipoweza tena kupanda kilima kile, atahamia mjini, akakae kwenye kiti barazani. Mzee aliposikia hivyo hata uji ulimshinda. "Kahawa yangu nimwachie nani?" akauliza. Yustina akamwahidi kwamba atapanda.

Siku ya tatu wakatoka kwenda kwenye mwinuko ulio nyuma ya jengo la kufulia. Yustina mbele, macho kwenye saa. Kila baada ya hatua chache aliuliza bila kugeuka, "Hujambo, babu?" Na mzee akajibu, "Sijambo, mwanangu."

Sasa nyie, mzee mwenye heshima zake akiulizwa hujambo na binti, atajibu nini? Hata roho iwe inamtoka atasema sijambo! Yustina alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile alikuwa anaifuata saa. Mara akauliza, kimya. Akageuka. Mzee ameketi kwenye nyasi, mkono kifuani, jasho linamtiririka.

Yustina alikimbia kumrudia, akapaza sauti kuomba msaada. Daktari akaja, akampima, akasema moyo haukupata dhara, umechoshwa tu. Lakini mzee akagoma. "Mwiteni Fulgensi anipeleke kwenye hicho kiti chake."

Yustina alijifungia chumba cha kubadilishia nguo akalia kwa aibu. Kesho yake akaenda kitandani kwa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Jana nilikukosea. Mbona hukuniambia umechoka?"

"Ningekuambia vipi, na ulinipa mgongo? Mimi nimechunga mbuzi, binti. Anayetangulia hamwoni anayechechemea. Tena mzee mzima nimlilie mtoto wa kike, nisubiri, nisubiri? Aka!"

Yustina akacheka, japo macho bado mekundu. "Basi leo nitakuwa ubavuni pako. Na hujambo sikuulizi. Wewe nisimulie kahawa."

Wakatoka tena kwenda mwinukoni, mzee akasimulia. Miche aliyoachiwa na baba yake, baridi ya Julai, ngedere waliomwibia mahindi ya pembeni ya shamba. Maneno yalipoanza kukatika, Yustina alisimama akajifanya anafunga kamba za viatu. Pumzi iliporudi, wakaendelea. Wiki ya kwanza waliishia kwenye bomba la maji. Wiki ya sita waliumaliza mwinuko wote, na mzee alifika juu bado anawalaani ngedere.

Siku ya kuruhusiwa, Fulgensi alikuja na gari. Akanyakua begi la baba yake, akatangulia haraka kuelekea langoni. Yustina alifungua mdomo amwite, lakini mzee akamwahi. Alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, akaita mpaka wapishi wakachungulia dirishani:

"We Fulgensi! Mtembeza moyo hatangulii! Rudi hapa."

Fulgensi akarudi, begi mkononi, akasimama ubavuni pa baba yake.

"Haya. Twende nyumbani kwangu, kilimani. Tukianza kupanda nitakusimulia miche ya babu yako, na nikinyamaza, usimame."

Yustina machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Basi wewe uliyekaripiwa, kesho mgonjwa akikujibu "sijambo", mtazame usoni kwanza. Na ukitaka kumtazama usoni, huwezi kuwa mbele yake. Mtembeza moyo hatangulii.