Kengele ya Igongwe na Gurudumu la Majani

Nilikuwepo. Sikusimuliwa na mtu wala sikuokota maneno kilabuni. Nilikuwa baiskeli ya tano kutoka mbele. Vumbi la wanne wa kwanza nililila mimi, na pumzi za watatu wa nyuma zilinipiga kisogoni. Mwenye kubisha abishe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Sisi ni watu wa Itobela. Kila mwaka pamba ikishauzwa tunatoka baiskeli nane na mizigo yetu, siku mbili za mbuga, mpaka Igongwe. Watu wa Busongela nao hutoka nane, siku hiyo hiyo, kwa njia yao ya upande wa pili, mwendo ule ule. Watakaotangulia kufika wanachukua kengele. Ni kengele ya shaba, kubwa kama bakuli la uji. Haipewi kikundi. Inafungwa kwenye usukani wa mtu mmoja, yule aliyewafikisha wenzake, na mwaka mzima yeye ndiye anayetangulia msafara. Akiipiga, hata mwenyekiti wa kijiji anapisha njia.

Sheria ni mbili tu. Kinachohesabiwa ni gurudumu la mwisho: saba wakifika na mmoja yuko njiani, hamjafika. Na ukiingia unasukuma baiskeli kwa mkono, hujaingia. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo sijawahi kuikosea.

Miaka sita kabla ya safari hii kengele ilikuwa kwetu, kwa Mzee Mayunga, kiongozi wetu. Akaipoteza mwenyewe. Tairi lilikwisha upepo njiani, hakusikia kwa kuwa sikio lake moja limekufa, akalikanyagia hivyo hivyo mpaka rimu ikapinda, akaingia Igongwe anasukuma. Tangu siku hiyo watu wa Busongela wakikutana naye, kabla ya shikamoo wanamwuliza, "Babu, leo umeendesha au umesukuma?" Mwaka jana alikuwa ametimiza sabini na magoti yamechoka. Tulipokuwa tunafunga mizigo alituambia, "Wanangu, hii ndiyo safari yangu ya mwisho. Nataka niingie Igongwe nimekaa."

Sasa wajue watu watatu.

Nyanzobe, muuza dagaa, amejaliwa masikio. Yeye husikia mnyororo uliokauka mafuta kutoka mwisho wa msafara, na kuku wa jirani akitaga, Nyanzobe anakwambia ni yai la ngapi.

Lutema anasokota kamba za kufungia ng'ombe. Huyo amejaliwa mikono. Kamba yake ikikatika, ujue ng'ombe alikuwa tembo.

Mhoja anabeba mkaa, na amejaliwa miguu. Nimemwona kwa macho yangu akipanda kilima na magunia matatu, mkewe juu yake, mkewe akimkaripia tangu chini hadi kileleni, na Mhoja hakushuka kwenye pedali wala hakujibu.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, tulikuwa tunaimba. Hata mimi, ambaye sauti yangu ingetosha watu wote nane. Mara Nyanzobe akapaza sauti, "Simameni. Kuna kitu kinapumua."

"Tunapumua sote," akasema Mhoja.

"Si mtu. Babu, shuka. Ni gurudumu lako la nyuma."

"Mimi sijasikia kitu," akasema Mzee Mayunga.

"Babu, wewe hata chafya yako mwenyewe unaambiwa. Shuka, shikamoo, lakini shuka."

Akashuka akinung'unika. Tukainama: mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, umezama na kuchana tyubu. Tairi lilikuwa bado na upepo kidogo na rimu haikuguswa. Hatua hamsini zaidi, yangekuwa yale yale ya miaka sita iliyopita.

Kiraka kilikuwepo. Gundi ilikuwepo. Tukasema, haya, leteni pampu. Lutema akamtazama Mhoja. Mhoja akamtazama Nyanzobe. Nyanzobe akanitazama mimi, nami nikatazama mawingu. Watu nane, kila mmoja aliiacha pampu nyumbani akijua mwenzake ameibeba.

Mzee Mayunga akakaa juu ya gunia lake. "Nendeni," akasema. "Semeni mlitoka saba."

"Igongwe wanatusubiri nane," nikamwambia.

Lutema hakuwa amekaa. Alikuwa ameshateremka kwenye kijito kikavu, ambako majani marefu yalibaki kwa kuwa ng'ombe hawakuyafikia. Akakata mzigo mzima. Akatoa tyubu, akaitundika shingoni, akaanza kusokota. Alisokota majani yale kama kamba ya dume la ng'ombe, nene kama mkono wangu, na mkono wangu si mdogo. Akaizungusha ndani ya tairi mara mbili, akishindilia kwa mpini wa spana. Spana nilimshikia mimi, ingawa sijidai. Vidole vikamchubuka, hakuacha. Alipomaliza aliligonga tairi, likalia dum kama ngoma.

"Haliombi upepo," akasema. "Linaomba mtu."

Kweli liliomba mtu. Mzee alijaribu, baiskeli ikasogea hatua tatu ikagoma. Gurudumu la majani ni zito kama jiwe la kusagia, na linarusha mgongo. Mhoja akamshika mzee kiwiko. "Babu, tubadilishane. Panda yangu, hata na mkaa ni nyepesi kuliko hiyo."

"Na mzigo wangu?"

"Uache kwenye baiskeli yako. Mkaa umenifundisha kutouliza uzito."

Akapanda. Tulibakiza mwendo wa saa tatu, na nusu yake mchanga. Mishipa ya shingo ilimsimama, pedali zikalia, akaendesha. Majani yalianza kuchomoza pembeni mwa tairi, na tulipopita kwenye kundi la ng'ombe, ndama mmoja akaanza kutufuata akitafuna gurudumu. Mhoja alipoongeza kasi, ndama naye akaongeza kasi. Nyanzobe akacheka mpaka akakosea njia. Mhoja hakushuka. Hakuomba hata maji, maana kuomba kungempotezea pumzi.

Tukaiona Igongwe, na vumbi la Busongela tukaliona upande wa pili, karibu sana. Hapo hakuna aliyeimba. Tuliingia mmoja mmoja. Mhoja akaingia, gurudumu likitoa moshi kwa kuchemka. Wa mwisho alikuwa Mzee Mayunga, juu ya baiskeli ya mkaa, mgongo umenyooka, amekaa. Wakati huo Busongela walikuwa wameingiza saba, na wa nane bado yuko kwenye korongo. Mzee akawapita polepole makusudi, wote wakavua kofia, na kijana wao mmoja akasema, "Shikamoo babu." Hakuongeza swali. Mzee akajibu marahaba kwa sauti ambayo hata sikio lake bovu liliisikia. Mimi ni mtu mzima, na siku ile nilipenga kamasi kwenye shati.

Tukapewa kengele. Kazi ikaanza hapo.

Nyanzobe akasema, "Bila sikio langu rimu ingepinda. Majani yangeingizwa wapi? Na miguu ingezungusha nini?"

Lutema akaonyesha vidole vyake. "Ulisikia, sawa. Ungesikiliza mpaka kesho, gurudumu lingebaki bapa. Na huyu Mhoja angebeba baiskeli kichwani, halafu tungeambiwa hajaendesha."

Mhoja akasema kwa utulivu, maana ndiyo kwanza pumzi zilikuwa zinamrudia, "Mmenipa gurudumu ambalo hakuna mtu mwingine aliyeweza kulizungusha. Mnaita hilo baiskeli. Lilikuwa kaburi la majani mpaka nilipolipanda."

Tukamgeukia Mzee Mayunga aamue. Akawatazama mmoja mmoja. Akaiviringisha kengele kwenye kitambaa, akaondoka nayo. Iko kwake hadi leo, na hapa ndipo ugumu ulipo: kengele ikirudi Igongwe bila kufungwa kwenye usukani wa mtu, wanapewa walioshindwa. Pamba imeshaanza kupasuka. Kila jioni watatu hao wanapita kumsalimia mzee, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja amekwisha safisha usukani.

Kuna jambo moja nimelitia mwenyewe, na si haki uamue bila kulijua. Najua unadhani ni lile la ndama. La ndama ni kweli tupu, kovu la meno liko kwenye tairi. Ni zile kofia. Watu wa Busongela hawakuvua kofia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amevaa. Ila shikamoo ilitoka, niliisikia.

Sasa wewe uliyekaa hapo ukinyamaza: sikio, mikono, miguu. Kengele ungeifunga kwenye usukani wa nani?