Kidari cha Mbuzi wa Tumsifu

Mtoto wa miaka minne anatafuta nini baa?

Jibu. Usitazame pembeni kama mtu aliyepitishiwa kapu la sadaka. Nakuuliza wewe uliyenuna, na nakuuliza wewe unayetabasamu kwa sababu Jumapili iliyopita uliwabeba wako wawili. Mmejibu? Basi kila mtu alifunge jibu lake kwenye pindo la nguo yake, asilifungue mpaka nimalize.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu kidogo ya mji wa Moshi, palikuwa na baa iitwayo Mteremkoni. Ilikuwa na bustani, bembea mbili, na watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza alikuwa Shamimu, mhudumu. Kipaji chake kilikuwa masikio. Spika ingurume itakavyo, wanaume wabishanie mpira watakavyo, mteja wa meza ya mwisho akigonga chupa kwa kizibo, Shamimu alikuwa ameshageuka. Watu walisema anasikia hata bia ikikaribia kuisha.

Wa pili alikuwa Mzee Kileo. Ni jina la ukoo wao, msicheke, ingawa mwenyewe alilitendea haki. Kipaji chake kilikuwa miguu. Kwenye tambarare aliyumba, lakini mwelekeze mlimani uone: alipanda kama mbuzi. Alieleza kwamba dunia ikiinama na yeye akiinama, wanakwenda sawa.

Wa tatu alikuwa Bwire, mchoma nyama, mtu wa Musoma. Kipaji chake kilikuwa mikono. Aligeuza mbavu juu ya makaa bila koleo, na moto ulimheshimu. Kwa wembamba, mishikaki yake ilikuwa na nyama kumzidi.

Na alikuwapo mteja mmoja asiye na kipaji chochote isipokuwa mdomo. Huyo ni Aikande, mfamasia, mke wa Elinami, mama wa Tumsifu, binti wa miaka minne. Aikande hakuinywea bia yake kwenye kikombe cha chai wala hakuivisha leso, kama wanavyofanya waumini fulani ambao angeweza kuwataja kwa majina. Aliimimina kwenye glasi, akaiweka mezani, akainywa. Jumapili dada wa kazi yuko mapumziko. Mteremkoni pana kivuli, pana chipsi, na mtoto ana bembea. Nyumbani pana televisheni. Kwake hesabu hiyo haikuhitaji mchungaji.

Mama mkwe wake aliona tofauti. Bibi Apaikunda alikuwa mzee wa kanisa, mjane, mwanamke ambaye hata kuku wake walionekana kama wamebatizwa. Baa hakuwahi kuikanyaga. Akipita pale barabarani, uso aliugeuzia migombani.

"Mama Tumsifu," alikuwa akisema, "mtoto hulelewa jikoni na kanisani. Wanaolelewa baa ni nzi."

"Mama, baa wana bembea. Kanisani mmeweka?"

"Tutaweka siku utakayohudhuria kikao cha ujenzi."

Basi waliishi hivyo, wakirushiana maneno na kupikiana, mpaka Jumapili moja baada ya ibada. Aikande alikuwa akicheka stori ya shoga yake, glasi mkononi. Alipoinua macho, aliona bembea inakwenda mbele na kurudi, na hakuna mtu juu yake.

Geti lilikuwa wazi. Komeo la geti lile liko juu, mtoto hafikii hata akipanda kiti. Elinami alikimbilia chooni, akakimbilia jikoni, akarudi na mikono mitupu.

Sikilizeni sasa jinsi vipaji vilivyofanya kazi. Mbele ya baa hupita mfereji wa asili, wenyeji huuita mfongo, ambao huleta maji ya mlimani kwenye mashamba kwa zamu. Unapofika barabarani huingia chini, ndani ya kalavati, na kutokea ng'ambo. Wakati ule ulikuwa mkavu. Lakini zamu ya watu wa chini ilikuwa imefika, na huko juu mlango wa maji ulikuwa umekwisha funguliwa.

Shamimu alipiga kelele, "Zimeni muziki!" Hakuna aliyejihangaisha, kwa hiyo alikwenda mwenyewe akaung'oa waya ukutani. Akasimama katikati ya bustani, macho amefumba. Watu walianza kumwuliza, akawanyamazisha kwa kidole. "Anaita," akasema. "Anaita 'Bibi! Bibi!' Sauti iko chini." Akatoka getini, akafuata sauti ambayo mwingine yeyote angedhani ni ya ndege, mpaka akapiga magoti mdomoni mwa kalavati. Mtoto alikuwa ndani kabisa, mguu umebanwa na mawe.

Mzee Kileo aliyatazama majani makavu ndani ya mfereji. Yalikuwa yanatembea. Nyuma yake ulikuja ulimi wa maji, mwembamba, wenye povu. Akaiweka chini chupa iliyokuwa bado imejaa, jambo ambalo peke yake lingestahili kuchinjiwa mbuzi, akaushika mlima. Aliufikia mlango wa maji, akasukuma jiwe, akasindilia matope, akasindilia shati lake. Maji yaliendelea kupita. Akaketi pale pale, akaubana mgongo wake penye pengo, na maji yakakoma.

Bwire alivua aproni, akaingia kalavatini kwa tumbo. Mle ndani wateja wa Mteremkoni walikuwa wametupa miaka yao yote: chupa juu ya chupa, nyingi zimevunjika. Alitambaa juu yake, akang'oa mawe kwa vidole, akaufungua mguu wa mtoto, akarudi kinyumenyume akiwa amemkumbatia ili vioo visimguse. Tumsifu alitoka na mkwaruzo mmoja gotini. Mikono ambayo moto uliiheshimu, chupa hazikuiheshimu.

Hapo hadithi nyingine ingekwisha kwa vigelegele. Hii haikwisha, kwa sababu jioni ile Bibi Apaikunda alifika kwa mwanawe, akaketi bila kukaribishwa.

"Mtoto amemezwa na ardhi ya baa," alisema. "Na huko gizani alimwita nani? Hakuita mama. Hakuita baba. Aliita bibi, kijiji kizima kimesikia. Basi Tumsifu atakuja kukaa kwangu mpaka aanze shule."

Elinami alitazama sakafu. Ndicho kipaji chake.

Aikande alikuwa na majibu ya mambo yote duniani, lakini hilo la "Bibi! Bibi!" lilimwingia pasipo na jibu. Usiku alimsikiliza mtoto akipumua, akajiuliza ni lini hasa jina lake lilitoka mdomoni mwa binti yake.

Katika ukoo ule kuna desturi. Mtu akiokolewa huchinjwa mbuzi, na kidari hakigawanywi: hupewa mmoja tu, yule aliyetenda zaidi. Kabla kisu hakijagusa nyama, mkataji hutamka kwa sauti ni kitu gani mtu huyo alitenda. Na mwenye kidari ndiye husema neno la mwisho juu ya jambo lililo mezani. Akishalisema, hata mkwe msomi hana rufaa.

Jumapili iliyofuata walikusanyika uani kwa Bibi Apaikunda. Mbuzi alikuwa kwenye sinia. Jambo lililo mezani mnalijua: Tumsifu alelewe wapi.

"Nyie ndio mliomwokoa," Bibi alisema, kisu mkononi. "Nataka kusikia mioyo yenu kwanza. Shamimu, mwanangu?"

Shamimu hakuzunguka. "Watoto wasije baa. Kila Jumapili mnaniachia kundi zima, mimi ambaye sijazaa. Huyu kamasi, yule mkojo, wa tatu kaingia kwenye makreti. Mimi nimeajiriwa kupeleka bia. Mama Tumsifu, unisamehe, lakini akae kwa bibi yake."

"Umesikia?" Bibi alimwuliza Elinami.

Mzee Kileo alikohoa. "Mimi nasema waje. Siku watoto wakiwapo hatutukanani, hatupigani. Hata mimi nakunywa nusu."

"Nusu ya nini, Mzee?" Bwire aliuliza.

"Nusu ya kreti. Wewe acha utani, naongea na wenye nyumba." Akamgeukia Bibi. "Mama Elinami, penye mtoto, mtu mzima hujikumbuka. Mkiwaondoa wote, mnatuacha sisi kwa sisi. Mmewahi kutuona tukiwa sisi kwa sisi?"

Bwire alisema wa mwisho. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, imefungwa bandeji mpaka viwikoni. "Mimi nililelewa na bibi. Alinipenda, sisemi hakunipenda. Lakini kila gari lililosimama nilikimbilia barabarani nikidhani ni mama. Mtoto akae na mama yake." Kisha akamtazama Aikande. "Ila baa usimlete tena, dada. Mle ndani nilipita juu ya chupa zenu."

Watu watatu, maneno matatu. Aikande alipiga hesabu zake kimya kimya. Masikio yakipewa kidari, mtoto anaondoka. Mikono ikipewa, mtoto anabaki, lakini yeye atakubali mbele ya mama mkwe kwamba alikosea, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe. Miguu ikipewa, hakuna kinachobadilika. Ukweli usemwe: mfamasia alikuwa akimwombea mlevi.

"Kidari ni cha Shamimu," Bibi Apaikunda alisema. "Bila masikio, miguu ingekimbilia wapi? Mikono ingechimba wapi?"

"Bila miguu," Mzee Kileo alisema taratibu, "masikio yangemsikia mtoto akinyamaza."

Bwire aliinua bandeji zake kidogo, akazirudisha mapajani.

"Mkataji ni mimi," Bibi alisema.

"Basi tamka, Mama," Aikande alisema. "Desturi ni yako."

Bibi Apaikunda alikiinua kisu. "Nakata kidari cha Shamimu, ambaye alimsikia mjukuu wangu akiita..." Akaanza upya. "Ambaye alimsikia mjukuu wangu akiwa chini ya barabara, akiita..."

"Bibi!" Tumsifu alimsaidia, kutoka mkekani alipokuwa akitafuna kipande cha ini. "Nilikuita Bibi. Nikakuita, nikakuita."

Wageni wakacheka kwa huruma. "Ona mapenzi hayo," Mzee Kileo alisema.

Bibi hakucheka. Kisu kilishuka polepole mpaka kikagusa ukingo wa sinia.

"Geti nililifungua mimi," alisema.

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo ilimbidi aseme yote.

"Nilikuwa natoka ibadani. Nikamwona kwenye bembea, nikamwona mama yake anacheka na glasi. Nikasema, leo nitamfundisha. Nikamwita mtoto, nikamwambia tujifiche kidogo, mama atutafute. Nikamvusha mpaka migombani. Mara gari la mchungaji likasimama, nikaenda kumsalimu. Nilipogeuka, hayupo. Kumbe mwenzangu alikuwa anajificha kweli. Mimi nikajua amerudi kwa mama yake."

"Ukajua?" Elinami aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza siku hiyo.

"Nilitaka iwe hivyo, baba. Nilifika mpaka getini niingie niulize. Lakini mchungaji alikuwa bado anageuza gari. Mzee wa kanisa anaingiaje baa, mchana, watu wanatazama?" Sauti yake haikupanda wala haikutetemeka. "Nikaenda nyumbani. Nikapika."

Kuku mmoja alipita uani, hakuna aliyemfukuza. Bibi Apaikunda alikigeuza kisu, akamwelekezea Aikande mpini.

"Kata wewe, mama Tumsifu. Mkono wangu umekosa haki."

Aikande alikipokea. Siku nyingi alikuwa ametamani kumwona mama mkwe wake akiinama, na alikuwa ameyaandaa maneno ya siku hiyo, mazuri, yenye ncha. Aliyatafuta, hakuyaona. Alichokiona ni ile bembea, inakwenda na kurudi, na hajui ilikuwa imeyumba peke yake kwa muda gani kabla yeye hajainua macho.

Basi mimi naishia hapo, na nyama inapoa. Masikio yanampeleka mtoto kwa bibi aliyemwacha barabarani, akarudi kupika. Miguu inamrudisha kwenye bembea ambayo mama hakuitazama. Mikono inamwachia mama mtoto wake na kumfungia geti, na ndiyo mikono iliyotoka damu. Kidari ni kimoja. Mpini nakuelekezea wewe. Lifungue lile jibu la pindoni, uone kama bado ni lile lile, kisha useme kwa sauti wote tukusikie: unamkatia nani?