Bibi Damari na Sauti ya Kinamasini

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu. Anayesinzia aamshwe na mwenzake.

Hapo zamani za kale, kabla hata babu zenu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji kando ya kinamasi. Matete yake yalikuwa marefu kupita mtu. Shwaa, shwaa, yalilia matete, hata siku isiyo na upepo.

Mwaka mmoja mvua zikakatika. Ukungu ukaanza kupanda kutoka kinamasini alasiri, jua likiwa bado linawaka. Na ndani ya ukungu, sauti. Kila mtu alimsikia marehemu wake: huyu mama yake, yule kaka yake. Walioifuata hawakurudi. Mitungi yao ilikutwa ukingoni, imepangwa vizuri, imejaa maji.

Kijijini hapo aliishi Bibi Damari, mjane, wa kwanza kubatizwa pale. Alimshukuru Mungu kwa uji, kwa jua, kwa magoti yaliyokubali kuinuka. Aliomba akipalilia, akaimba akitwanga. Wengine walimcheka.

Mkwewe, mke wa mwanawe, aliitwa Nyamizi. Nyamizi alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee, Elia, angali ananyonya. Tangu siku hiyo hakulia, hakuimba, na wakati wa sala alikaza midomo.

Basi alasiri moja wawili hao walikuwa shambani, karibu na kinamasi. Ukungu ukapanda. Nyamizi akasikia: nge, nge, nge. Elia. Kilio kile kile cha njaa. Maziwa yakamtoka, nguo ikalowa. Akaangusha jembe, akaingia matopeni, chubu, chubu, chubu.

Bibi Damari akamfuata. Alimkuta maji yamemfika kiunoni, akamshika mkono. Hakumvuta. Naye alikuwa amekisikia kile kilio, akakitambua, maana Elia alikuwa mjukuu wake. Akamwambia mkwewe wamshukuru Mungu pamoja.

"Nishukuru nini, mama? Mwanangu amekufa."

"Sikuambii ushukuru kifo chake. Hata mimi kinaniuma. Shukuru kwamba ulimpata. Alikuwaje?"

Nge, nge. Kilio kikasogea. Matete yakagawanyika, lakini hapakuwa na mtu. Kitu baridi kikamgusa Nyamizi shavuni, kama kiganja kidogo.

Nyamizi akafumba macho.

"Alikuwa akinishika sikio wakati wa kunyonya," akasema. "Asante, Bwana, kwa vidole vyake."

Kilio kikasita.

"Alicheka mbuzi akipiga chafya. Asante."

Kilio kikaanza tena, ila sasa kilikosea. Kikawa cha mzee, kisha cha fisi, kisha cha kitu ambacho hakijawahi kuzaliwa. Bibi Damari akaanza kuimba, sauti yake ikikwaruza. Nyamizi akaitikia huku analia, akashangaa kukuta furaha ndani ya machozi yake, kwa kuwa mtoto yule alikuwa wake kweli. Wakarudi wakiimba, chubu, chubu, na nyuma yao chubu, chubu za mwingine, hadi nchi kavu. Hawakugeuka.

Jioni hiyo Nyamizi alikula akashiba, mara ya kwanza tangu amzike Elia.

Miaka ikapita. Bibi Damari akafariki, akazikwa kwa nyimbo. Ukungu haukukoma. Alasiri moja mzee Ngwilizi, aliyefiwa na mkewe, alionekana akielekea kwenye matete huku anatabasamu. Watu walimwita, hakusikia. Nyamizi akatua mtungi wake, akaingia majini, akamshika mkono.

"Baba," akamwuliza, "mkeo alikuwa mtu wa namna gani?"

Walirudi jua likizama, mzee akiwa bado anasimulia.

Wanangu, ombeni bila kuchoka. Furahini. Shukuruni hata machozi yakiwa shavuni. Ulichomshukuria Mungu, hakuna sauti itakayokuibia.

Hadithi yangu naitua hapo. Na ukungu mkiuona, msiuendee peke yenu.